Gitaa la mamilioni, spika ya disko: hapa ndo wapiga jazz wetu wanapokwama

Wadau, kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita na leo nalitema. Likimuudhi mtu aniwie radhi, maana jina lake silitaji na ukumbi siutaji. Wenyewe mtajuana.

Kuna mpiga gitaa mmoja hapa Dar, jina kapuni. Ni mtu mwenye heshima yake mjini, amepita kwenye bendi za dansi mbili tatu kubwa, na solo zake ukizisikia kwenye daladala lazima kichwa kitikisike. Miaka miwili iliyopita akachoka na mikesha, akaamua kutulia. Akaunda kikundi cha watu wanne: gitaa, besi, kinanda na drams. Wakapata Ijumaa ya kila wiki kwenye hoteli moja ya upande wa baharini. Jazz tupu.

Na nikisema jazz simaanishi ile iliyokuwa kwenye majina ya bendi za wazee wetu, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Zile zilikuwa bendi za dansi na utamu wake ni mwingine kabisa. Namaanisha jazz ya Marekani, ya akina Wes Montgomery na Jim Hall, ile ambayo gitaa linaongea taratibu kama mtu mzima anayejua kwamba atasikilizwa.

Jamaa akajipanga. Akaagiza gitaa la tumbo pana, lile lenye matundu mawili yaliyokatwa kama herufi f, ndugu yake akamletea kutoka Ulaya. Mamilioni! Nilipoliona mara ya kwanza niliomba nilishike tu, nilirudishe. Ijumaa ya kwanza nikafika mapema, nikakaa meza ya mbele kabisa.

Sauti iliyotoka, jamani, ilikuwa ya nyuki ndani ya debe.

Sizidishi. Vidole vilikuwa vinafanya kazi nzuri, mpangilio wa kodi zake (siongelei za TRA) ulikuwa wa kisomi, mdundo wake hauyumbi. Lakini lile gitaa lilichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na mikisa ikapeleka sauti kwenye yale maspika meusi ya plastiki yanayosimama kwa miguu mitatu, yaleyale tunayoyaona kwenye sendofu na kwenye mikutano ya kampeni. Kila akigusa uzi mwembamba, sisi wa meza ya mbele tunafumba macho. Kila akishuka kwenye nyuzi nene, tumbo la gitaa linaanza kuvuma, mara linapiga mluzi, fundi mitambo anakimbilia vifundo vyake.

Wakati wa mapumziko akaja mezani kwetu. "Vipi kaka, imekaaje?" Nikamjibu, "Umetisha, mzee!" Nilimdanganya. Nikamdanganya tena Ijumaa iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, mpaka ikawa desturi.

Mwezi uliopita hoteli ikawaaga. Sababu waliyopewa ni kwamba wateja wanalalamika kelele. Kelele! Watu wanne wanaopiga chini kuliko redio ya mlinzi wa getini. Ijumaa ile sasa ni ya kijana mwenye saksafoni na flashi ya midundo. Watu wanne wamepoteza riziki, na mmojawao, mpiga besi, ada za watoto wawili zilikuwa zinatoka palepale. Na mimi niliyekaa mbele nikijua tatizo ni nini, nilikuwa bize kusema "umetisha".

Sasa naomba nisiwe mnafiki tena.

Msimamo wangu ni huu: kwa anayetaka sauti ya jazz, nusu ya chombo ni amplifaya na spika, tena ni ile nusu ambayo mteja anaisikia. Hakuna mtu mezani anayesikia mbao. Anachosikia ni karatasi ya spika ikitikisika. Kwa hiyo kama una milioni tatu, mbili zipeleke kwenye amplifaya na spika, inayobaki tafuta gitaa la kawaida lenye shingo iliyonyooka. Sisi huwa tunafanya kinyume, kwa sababu gitaa linapigwa picha na amplifaya haipigwi picha. Hapo ndo ugonjwa ulipo, na niseme wazi kwamba na sisi waandishi wa mambo ya burudani tumeuchangia. Nani kati yetu ameshawahi kuandika habari ya mtu "kafungua boksi la amplifaya mpya"?

Hebu turudi nyuma kidogo. Charlie Christian, kijana aliyeingia kwa Benny Goodman mwaka 1939, ndiye aliyelitoa gitaa kwenye kazi ya kukwangua mdundo akalifanya liongee mbele kama saksafoni. Alikuwa anapiga Gibson ES-150, gitaa la umeme lililotoka mwaka 1936, na lilikuwa na pacha wake, amplifaya ya Gibson EH-150. Bila ile amplifaya trumpeti zingemmeza mzimamzima. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu, lakini ile sauti nene, ya mviringo, isiyo na kingo, ndo kila mpiga gitaa wa jazz anaitafuta mpaka leo. Sauti ile ilizaliwa kwenye gitaa na amplifaya kwa pamoja, haikuwahi kuwa ya gitaa peke yake.

Waliomfuata kila mmoja akachukua njia yake. Jim Hall alikaa miaka mingi na amplifaya ya Gibson GA-50, ya valvu, yaani zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama vibatari. Wes Montgomery amepita kwenye za Fender, na pia alitumia Standel yenye spika ya inchi 15. Joe Pass akawa mtu wa Polytone, ambayo haina valvu hata moja, ni transista tupu. Sasa nenda kawasikilize hao watatu halafu uniambie yupi kati yao hana sauti ya jazz.

Nasema hivi kwa sababu kuna wajuaji hapa mjini wakishika simu tu wanaanza: "bila valvu hakuna jazz". Acheni hizo bwana. Valvu ni tamu, sikatai, ina namna yake ya kulainisha uzi unapougonga kwa nguvu. Lakini pia inapata joto, inachakaa, na siku ikifa Ijumaa saa moja jioni uniambie utaipata duka gani. Kwa anayepiga kila wiki kwenye mji ambao umeme unacheza, amplifaya nzuri ya transista ni ndoa ya amani. Wapiga jazz wamezipenda transista kuliko wapiga roki, na sababu yake inaeleweka.

Sababu yenyewe ni hii. Mpiga roki anataka amplifaya ikorome. Anaisukuma mpaka ishindwe, na ule ushindwaji ndo utamu wake. Ndiyo maana roki nyingi wanapiga noti mbili kwa wakati mmoja, maana ukikoromesha noti tano zinagombana zinakuwa uji. Mpiga jazz naye anataka noti zake nne tano, tena zile zenye utata wa saba na tisa, kila moja isikike imekaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo anahitaji amplifaya yenye nguvu ya akiba, inayobaki safi hata akiongeza sauti kidogo ili kushindana na drams. Wati nyingi kwa mpiga jazz hazinunuliwi kwa ajili ya makelele. Zinanunuliwa ili zisitumike zote.

Kwa mfano, Fender Princeton Reverb yenye wati 12 mpaka 15 na spika ya inchi 10 ni asali ukiwa sebuleni. Ipeleke mbele ya mpiga drams mwenye mkono mzito, inaanza kukoroma kabla hujamaliza salamu. Deluxe Reverb, wati 22 na spika ya inchi 12, inafika mbali zaidi kama drams ni wa brashi. Twin Reverb, wati 85 na spika mbili za inchi 12, hiyo haikoromi hata ukiitukana. Roland JC-120, ambayo hata jina lake ni Jazz Chorus, ilitoka mwaka 1975, ni transista, ina wati 60 mara mbili na spika mbili za inchi 12, na usafi wake ni kama shuka la hoteli. Tatizo ni kwamba hizo mbili za mwisho zinakaribia kilo 30 kila moja. Hebu pakia kwenye bodaboda uone. Ndo maana nyingi utazikuta zimekaa studio au kwenye kumbi zenye vyombo vyake, na mwanamuziki anaingia na gitaa lake mgongoni tu.

Sasa tuje kwenye spika, maana hapa ndipo yule kaka yangu alipoumizwa.

Spika ya gitaa na spika ya disko ni ndugu wa mbali sana, hata salamu hawapeani. Spika ya gitaa haina ule mdomo mdogo wa juu wa kutoa vichefuchefu vya "tsi tsi tsi". Ikishapita kama hezi 5,000 sauti yake inaporomoka yenyewe. Spika ya disko au ya hotuba imetengenezwa kuendelea mpaka hezi 15,000 na zaidi, kwa sababu inatakiwa itoe herufi "s" ya mhubiri na sahani za drams. Ukichomeka gitaa la umeme humo, unapata kila kitu ambacho hukukitaka: mkwaruzo wa kidole, kucha, pleki, kelele za waya. Chukulia spika ya gitaa kama kifumbu cha kukamulia tui. Machicha yanabaki juu, tui linashuka. Jamaa yetu alikuwa anatuhudumia tui na machicha yake, kila Ijumaa, kwenye sahani ya mamilioni.

Najua kuna mdau ataandika, "Mbona kuna amplifaya za spika pana na watu wanapigia jazz?" Ni kweli. AER Compact 60 ya Ujerumani, kiboksi cha wati 60 chenye spika ya inchi 8, unakibeba kwa mkono mmoja, na wapo wapiga jazz wanaokitumia vizuri kabisa. Lakini yule anayekitumia vizuri amekaa nacho, anajua apunguze juu kiasi gani, na gitaa lake mwenyewe amelifunga toni. Siyo sawa na kuachia fundi mitambo ambaye nusu saa iliyopita alikuwa anapima maiki ya MC. Na kama huna jinsi, ukumbi hauruhusu amplifaya, kuna visanduku vidogo vinavyoiga spika ya gitaa kabla sauti haijaingia kwenye mikisa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya lile gitaa. Kingeokoa Ijumaa ile. Nalisema hili na moyo unauma.

Ukubwa je? Mimi ni mtu wa inchi 12. Inchi 10 ina haraka, inajibu upesi, lakini nyuzi nene zinatoka nyembamba mno kwa masikio yangu. Inchi 15 ni pana na ina joto, sauti inakuja kama mtu anaongea kutoka chumba cha pili, ila ukiwa na mpiga besi anayejaza kila nafasi mtakanyagana. Inchi 12 inakaa katikati bila ugomvi.

Lakini msinunue inchi, nunueni tabia. Kuna spika za inchi 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya kukoroma. Celestion Vintage 30, kwa mfano, inapendwa sana na watu wa roki, na ina mwinuko pale juu ya katikati unaofanya gitaa lichome kwenye makelele. Kwa roki, sawa. Kwa jazz inakutoboa sikio. Unachotafuta ni spika inayoweza kubeba wati nyingi kuliko amplifaya yako inavyotoa, ili isichoke na isikorome. Electro-Voice EVM12L ni ya namna hiyo, inabeba wati 200 na inabaki safi, ingawa uzito wake ni kama jiwe la kusagia. JBL za zamani nazo zina sifa hiyohiyo.

Halafu angalieni namba moja ambayo watu wengi wanairuka kwenye karatasi ya spika, ile ya desibeli. Wauzaji wanapiga kelele za wati tu. Ukweli ni kwamba kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli tatu tu, kiasi ambacho sikio linakisikia kwa shida. Ili mtu mezani aseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili" unahitaji kama wati mara 10. Sasa spika moja ikiandikwa 97 na nyingine 100, hiyo ya pili peke yake ni sawa na kununua amplifaya yenye wati mara mbili. Ndo maana kubadilisha spika ndani ya amplifaya uliyonayo mara nyingine kunatosha, na hela inabaki ya ada.

Ila msiende kubadilisha kienyeji. Nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya kuna namba za omu: 4, 8, 16. Kuna fundi atakwambia "spika ni spika tu bosi". Mkimbie. Amplifaya ya transista inayotaka omu 8 ukiifunga spika ya omu 4 unaweza kuipika. Ya valvu inataka namba zilingane, na usije ukaiwasha bila spika kuunganishwa, kuna kitu ndani kinaweza kuungua na hicho ni ghali. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, zikifungwa kwa kufuatana zinakuwa 16. Hesabu ya darasa la nne, lakini imeshaua amplifaya nyingi.

Na wale wa "nitaletewa na shemeji kutoka Marekani", nisikilizeni kwa makini, maana mimi ni majeruhi. Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu ni 230. Nyingine zina kiswichi nyuma cha kubadilisha, nyingi hazina. Ya kwangu haikuwa nacho. Niliichomeka kwa furaha ya mtu aliyesubiri miezi minne, ikatoa sauti moja, "pu!", ikifuatiwa na harufu ambayo mke wangu mpaka leo akiikumbuka anacheka. Kabla ya chochote soma nyuma, na kama ni 120 tafuta transfoma ya kushusha inayoweza kubeba huo mzigo.

Boksi nalo lina maneno yake. Lililo wazi nyuma linamwaga sauti pande zote, hata mpiga kinanda aliyekaa pembeni anakusikia, na kwa kikundi kidogo hiyo ni baraka. Lililofungwa linabana, besi inakuwa ngumu na inakwenda mbele moja kwa moja. Nikiulizwa, kwa mgahawa wa vioo na vigae nitachukua lililo wazi, halafu nisiliegemeze ukutani.

Na msiiweke chini! Hili halihitaji hela hata senti tano. Spika inarusha sauti kali kwa mstari ulionyooka kama tochi. Ukiiweka sakafuni nyuma ya visigino vyako, tochi inamulika magoti yako. Wewe unasikia sauti butu, unaongeza trebo. Unaongeza tena. Wakati huohuo mteja wa meza ya tatu, ambaye kichwa chake kiko usawa wa ile tochi, anamwita meneja. Ipandishe kwenye kiti, au iinamishe itazame juu, uisikie kama wao wanavyoisikia. Utashangaa mwenyewe mkono unavyokwenda kupunguza.

Vifundo navyo watu wanaelewa kinyume. Wanadhani jazz ni kufungua besi mpaka mwisho. Uzi mnene wa gitaa uko hezi 82, hapo tayari umeingia chumbani kwa mpiga besi, na ukiongeza unalitikisa tumbo la gitaa lenyewe, ndo inakuja ile mivumo na miluzi. Joto la jazz liko katikati. Punguza besi kidogo, acha katikati ijae, trebo ishushe, halafu tumia pikapu ya karibu na shingo na ufunge toni ya gitaa nusu. Nyuzi ziwe zile zilizosawazishwa juu, zisizo na mikwaruzo. Mwangwi weka kiduchu. Ukisikia mwangwi ujue umezidisha.

Sasa niwape upande wa pili. Kuna baa moja uswahilini, nayo siitaji kwa sababu nikiitaja mtaijaza na mimi nitakosa kiti. Kuna mzee anapiga pale Jumapili jioni, mstaafu wa bendi ya zamani. Gitaa lake ni la ubao mzima, la bei ya chini, rangi imebanduka mpaka huwezi kujua ilikuwa nyekundu au ya maziwa. Amplifaya yake ni ya transista, nzee, spika moja ya inchi 12, imekaa juu ya kreti ya bia. Mzee anapiga kwa dole gumba. Anacheza zile nyimbo polepole za Kimarekani, katikati anachomekea kitu cha rumba kama anakukonyeza. Watu wanaotazama mpira wanapunguza sauti ya televisheni wenyewe. Nimeshuhudia kwa macho yangu, na ilikuwa mechi ya watani!

Siku moja nikamuuliza, shikamoo mzee, hiyo sauti unaitoa wapi? Akaitikia, akapigapiga lile boksi kama mtu anayempapasa mbuzi. "Magitaa nimebadilisha manne, mwanangu. Huyu bado tuko naye."

Jumamosi iliyopita nikajikaza, nikaenda nyumbani kwa yule kaka. Nikamwambia yote, kuanzia Ijumaa ya kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Sasa kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Nadhani nilimwogopa kwa sababu ya jina lake, na nadhani wenzake kwenye kikundi nao walimwogopa, na fundi mitambo naye hivyohivyo. Mtu akishakuwa mkubwa mjini hapa, wa mwisho kuambiwa ni yeye.

Tukamwomba mzee atuazime kile kisanduku kwa mchana mmoja. Akakubali kwa sharti la kuja nacho mwenyewe, akakaa nacho kwenye bajaji amekikumbatia. Tukakiweka juu ya stuli sebuleni, kaka akachomeka lile gitaa la Ulaya. Kodi ya kwanza tu akaacha kupiga, akamtazama mzee. Mzee akasema, "Punguza besi." Akapunguza. Akapiga tena, na safari hii hakusimama mpaka adhana ya alasiri.

Ijumaa haijarudi, msinielewe vibaya. Ile hoteli imesharidhika na flashi yake. Wamepata mahali padogo, Jumatano, malipo ni nusu ya yale ya zamani, na mpiga besi bado anahesabu siku za muhula. Lakini ukumbi una meza 12 na kaka ameniambia safari hii anataka anunue spika kwanza.

Kwa hiyo kama kuna mdau anajua panapouzwa Polytone ya zamani iliyo nzima, au kichwa chochote safi cha transista chenye spika ya inchi 12, volti 230 tafadhali, aandike hapo chini. Nimemuahidi kwamba nitakwenda naye kuisikiliza kabla hajatoa hela, na mzee kasema naye anakuja.